Miguu Kwenye Kioo cha Duka

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Mama Bosi, mwenye duka letu la samani, alitukusanya asubuhi kati ya makabati na meza za kulia chakula akatangaza mambo mawili. La kwanza, anafungua tawi jipya upande wa pili wa mji, jengo la ghorofa, na mkuu wa tawi atatoka miongoni mwetu. La pili, limeingia godoro jipya, nene kama ukuta wa benki. Kuanzia kesho, kila jioni watu wakitoka makazini, mfanyakazi mmoja atalala juu yake kwenye kioo cha mbele, wapita njia wamwone wamtamani. Tutapokezana: Bwana Makochi na mimi.

Hakusema jambo moja linahusu jingine. Hakuhitaji kusema. Mimi si mtoto. Atakayelala vizuri ndiye mkuu wa tawi.

Nani ajuaye magodoro kuliko mimi? Springi naitambua kwa mlio wake. Kazi hiyo ni yangu. Kuna kizuizi kimoja tu. Kwa kweli viwili. Vimeota chini ya magoti yangu.

Mchana miguu yangu ni kama ya watu wengine. Jua likianza kushuka, nikiketi tu au nikijinyoosha, inaanza. Si maumivu. Si ganzi. Ni kama soda iliyotikiswa imemiminwa ndani ya mifupa, na soda inataka kutoka. Nikiinuka nikatembea, kimya. Nikilala tena, ngoma inaanza upya.

Kazini hakuna anayejua. Kitengo cha magodoro nilikipata kwa kujisifu kwamba nalala kama gogo. Anayejua ni mke wangu. Ananiita Baiskeli. Juzi aliweka mto mrefu katikati ya kitanda akasema huo ni mpaka wa nchi mbili, na miguu yangu haina pasi ya kusafiria.

Nimemweleza habari za tawi. Akauliza kama Mama Bosi ameambiwa kuhusu miguu. Nikajibu hiyo ni siri ya biashara. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kutikisa mguu. Akasema bado, lakini nikimpiga teke jingine la mgongo leo, nitakuwa wa kwanza.

Jumanne, 10 Juni

Zamu ya Bwana Makochi. Huyu ndiye mkuu wa kitengo cha makochi, mtu wa kitambi na masharubu, ambaye miaka yote hii ameuza bidhaa kwa kuikalia. Alipanda kitandani, akaweka mikono juu ya tumbo, akalala. Kulala kweli! Nzi alitua puani pake, akazunguka, akaona hakuna maendeleo, akaondoka.

Watu walisimama. Mama mmoja aliingia kuuliza kama yule mtu ni mzima au ni wa kuchonga. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye anakiona kioo chetu chote ndani ya kioo chake, nasikia alimwambia mteja wake atulie kama bwana yule la sivyo atamkata sikio.

Akashuka akijinyoosha. Akanishika bega, akaniambia eti mdogo wangu, kazi hii ngumu, usione vile. Mdogo wake! Tumelingana!

Nimepata mbinu. Kuichosha miguu. Mguu uliochoka utataka nini tena zaidi ya kulala? Mchana wote nimebeba magodoro kutoka stoo kwenda dukani na kuyarudisha stoo. Jioni nimerudi nyumbani mbio. Kisha nimeruka kichura uani. Watoto wetu pacha walidhani ni mchezo, wakajiunga, wakanishinda.

Baadaye. Mbinu imeniumbua. Miguu haikuchoka. Imeamshwa! Mke wangu ameongeza mto wa pili mpakani. Anasema uhusiano wa nchi hizi mbili umezorota.

Jumatano, 11 Juni

Aibu. Acha niandike upesi ili niimalize.

Zamu yangu. Nilijiandaa kama jenerali. Nilichukua ile kamba ya plastiki tunayofungia magodoro, nikajifunga vifundo vya miguu pamoja, kisha nikaifunga kwenye chaga za kitanda. Shuka juu yake. Nani ataona? Nikafumba macho, nikatabasamu kidogo, tabasamu la mtu asiye na deni.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mke wa mtu alimwonyesha mumewe jinsi binadamu anavyopaswa kulala. Kisha nje kukaanza kuwa na giza, taa za kioo zikawashwa, na soda ikatikisika. Nikakaza meno. Nikakariri kimoyomoyo aina zote za springi. Nikajiambia miguu ni watumishi, mimi ndiye bwana mkubwa.

Watumishi wakagoma. Miguu yote miwili ikaruka pamoja, na kwa kuwa imefungwa, ilivuta kitanda. Na kitanda cha maonyesho kina magurudumu! Mambo haya mtu huyakumbuka baadaye. Teke la kwanza, kitanda kikasogea. La pili, kikashika njia. Nikasafiri taratibu hadi pua yangu ikagota kioo, macho kwa macho na mtoto aliyekuwa analamba barafu. Akapiga kelele kumwita mamake aje aone samaki mkubwa.

Mama Bosi alikuja na mkasi. Aliitazama kamba muda mrefu. Nikamweleza kwamba ni usalama kazini. Akasema ameona.

Bwana Makochi alisema eti amekumbuka kwao, kuku akishachinjwa hupiga mateke hivyo hivyo.

Alhamisi, 12 Juni

Sikati tamaa. Leo ni zamu ya yule mwenye kitambi, kwa hiyo nina siku nzima ya utafiti.

Nimekumbuka kwamba nikiwa na mafua na kumeza vile vidonge vya manjano, kichwa huwa kizito kama gunia la saruji. Haya basi! Vidonge vya mafua! Nimekwenda duka la dawa. Muuza dawa akauliza kama nina mafua. Nikapiga chafya. Akauliza tangu lini. Nikapiga nyingine, ya juzi. Akanionya visitumiwe ovyo. Nimemshukuru kwa sauti ya kukwama puani.

Nimemeza baada ya chakula cha jioni, nikateremshia na chai ya rangi nzito ili viingie upesi. Naandika haya nikiwa tayari nasinzia. Nahisi ushindi.

Ijumaa, 13 Juni, asubuhi

Si ushindi. Kichwa kililala fofofo, miguu ikaachwa nyumbani peke yake kama watoto wasio na mlezi. Mke wangu anasema nilikuwa nakoroma huku nakimbia. Alihamia chumba cha pacha na mito yote miwili. Mpaka umefungwa.

Asubuhi amenipa chaguo mbele ya uji. Ama tunakwenda hospitali leo, ama anakwenda yeye dukani kumweleza Mama Bosi kila kitu, tangu mwanzo, na mateke yote kwa mpangilio. Nikamwambia asithubutu kuniharibia maisha. Akasema maisha yangu ni yangu, mgongo ni wake.

Tunakwenda hospitali. Nimemeza kidonge kimoja cha akiba kabla ya kutoka. Kuvitupa ni dhambi.

Ijumaa, 13 Juni, jioni

Mambo mengi! Mambo makubwa!

Daktari kwanza. Msichana mdogo kiasi, sauti ya upole, macho ya mwalimu wa hesabu. Aliuliza maswali kama aliyekuwa amejificha chini ya kitanda changu. Je, ni hamu ya kusogeza miguu ambayo haizuiliki? Ndiyo. Huja nikipumzika? Ndiyo. Huzidi jioni na usiku? Ndiyo, ndiyo. Hupungua nikitembea? Nikamwambia angekuja yeye kulala kwenye kioo. Mke wangu akanikanyaga.

Akauliza kama nyumbani kwetu kuna mwingine. Nikasema hakuna. Kisha nikamkumbuka marehemu baba. Kila jioni, baada ya kula, alikuwa akizunguka ua, akizunguka, akizunguka. Sisi watoto tulidhani analinda kuku. Hatukuwa na kuku wengi hivyo. Daktari akaitikia kwa kichwa, akasema mara nyingi hurithiwa. Maskini baba! Tulikuwa tunamsifu kwa ulinzi.

Akasema ni ugonjwa wa kweli, una jina, ugonjwa wa miguu isiyotulia. Si uvivu, si pepo, si tabia mbaya. Wakati mwingine akiba ya madini ya chuma mwilini huwa imepungua, kwa hiyo damu ipimwe. Chuma kisimezwe kwa kubahatisha. Kisipohitajika kinaweza kudhuru. Akataka kujua kuhusu chai, kahawa, sigara, pombe. Nikasema chai kidogo tu. Mke wangu akacheka hadi akatoa leso. Alimweleza daktari habari za chupa yangu ya chai, ukubwa wake na mahali inapolala. Nchi jirani ina wapelelezi.

Akauliza kuhusu dawa ninazotumia. Nikasema situmii kitu. Mke wangu akafungua mkoba, akaweka vile vidonge vya manjano mezani, taratibu, kama mtu anayeweka karata ya mwisho. Daktari akavitazama, akashusha pumzi. Akasema dawa za mafua za aina hii, hizi zinazoleta usingizi, ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuichochea miguu hii. Yaani nimemwagia moto petroli nikidhani ni maji.

Maagizo: vidonge hivi basi. Chai mwisho mchana. Kulala na kuamka saa zile zile. Matembezi ya kiasi mchana, si vichekesho vya kuruka kichura. Jioni kunyoosha misuli, kukanda mashavu ya miguu, maji ya moto. Damu wamechukua, majibu Jumatatu. Nikauliza kama hakuna sindano ya kuilaza miguu hadi duka lifungwe. Aliandika kitu.

Haya. Sasa kazini. Ilikuwa zamu yangu, na kile kidonge cha akiba bado kilikuwa tumboni kikipiga kampeni. Nikapanda kitandani kama mtu anayepanda jukwaa la kunyongewa. Shuka hadi kidevuni. Taa zikawaka. Ngoma!

Sikuwa na kamba, magurudumu yalikuwa yamefungwa, na mimi nilikuwa nimeshajikatia tamaa. Nikaiacha miguu icheze. Shuka ikawa inatetemeka, inainuka, inashuka, kwa mpangilio mzuri hasa. Uso wangu umetulia kabisa, kwa huzuni. Nikasikia kelele nje. Nikafungua jicho moja. Kinyozi amevuka barabara na wembe mkononi, mteja wake nyuma yake na povu nusu ya uso, na kinyozi anawatangazia watu kwamba hilo godoro lina mashine! Linakanda miguu! Oneni!

Kabla sijapumua, akaingia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, hapa dukani wanamwita Mama Wageni. Akaniinamia, akauliza kwa kunong'ona, kama anayeogopa kuniamsha, je, ni kweli linakanda lenyewe?

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe fupi tu. Nimelifikiria baadaye, halichukui hata pumzi nzima.

Nikasema ni teknolojia.

Akaagiza godoro kwa kila chumba!

Mama Bosi alikuwa ofisini nyuma. Hakusikia teknolojia, alisikia oda. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili mbele ya watu. Bwana Makochi alikuwa anatafuna masharubu.

Jumamosi, 14 Juni

Umati! Kinyozi ameleta viti vyake nje. Zamu za Bwana Makochi zimefutwa, sasa kioo ni changu kila jioni. Oda zimemiminika. Mama Bosi aliuliza mbona wateja wanataka kujua waya unachomekwa wapi. Nikamwambia watu wa siku hizi, mama, hata kijiko wanataka kukichomeka. Akacheka. Akasema Jumanne jioni, mbele ya wateja wote, atamtangaza mkuu wa tawi.

Mkuu wa Tawi. Nimeliandika tena ili nilione. Mkuu wa Tawi.

Bwana Makochi nilimkuta amelala kifudifudi chini ya kitanda cha maonyesho na tochi. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema kifungo. Shati lake halina vifungo.

Nyumbani natii amri za daktari, kwa sababu mke wangu amesimama mlangoni. Vidonge amevitupa. Chupa ya chai ameificha. Beseni la maji ya moto. Kunyoosha miguu ukutani kama mtu anayesukuma nyumba. Kisha akanikanda mwenyewe mashavu ya miguu, kwa nguvu za mtu mwenye madai ya zamani.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala!

Sijui niandikeje. Miguu ilinung'unika kidogo, ikajigeuza, ikanyamaza. Niliamka, mke wangu yuko kitandani. Upande wangu wa mpaka! Mito imerudi kuwa mito. Aliniambia, macho bado yamefumba, kwamba Baiskeli imeegeshwa. Hajaniambia neno tamu kama hilo tangu pacha wazaliwe.

Jumatatu, 16 Juni

Majibu ya damu: akiba ya chuma iko chini. Daktari amenipa vidonge vya chuma. Visimezwe pamoja na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Bora na kitu kama chungwa. Akasema havifanyi kazi kwa siku moja, huchukua wiki nyingi, nirudi apime tena, na ikihitajika zipo dawa nyingine. Huko kutulia kwa jana ni kwa sababu nimeacha vya manjano na chai ya jioni. Mke wangu alimshukuru kama mtu aliyerudishiwa mume kutoka vitani.

Nikaenda kazini nikipiga mluzi. Mjinga mimi!

Nikapanda kitandani. Shuka. Taa. Umati ukasogea. Kinyozi akainua mkono kuwanyamazisha watu.

Kimya.

Nikangoja. Soda haikutikisika. Miguu imelala! Imenisaliti siku ile ile ya kuihitaji! Maisha yangu yote nimeiomba itulie, inatulia leo!

Kinyozi akauliza kwa sauti kama umeme umekatika. Mtu akajibu mbona taa zinawaka. Nikaanza kuitikisa kwa makusudi. Si kazi ya mchezo. Miguu ikicheza yenyewe haichoki. Ukiichezesha wewe, mara moja msuli unakaza. Ukakaza. Nikatoa mlio. Kinyozi akasema labda mashine inataka mafuta.

Kisha Mama Wageni. Magodoro yake yalifikishwa mchana, amejilaza kwenye vyumba vyote, kimoja baada ya kingine, na hakuna hata moja lililomgusa. Nikamwambia godoro jipya lina aibu, lizoeane kwanza na mwili. Akanitazama vile ambavyo mtu humtazama mwenye duka anayesema mizani iko sawa. Akasema vizuri, kesho jioni atakuja, aone la hapa linafanyaje, na alione kwa ukaribu.

Kesho jioni! Ndiyo siku ya kutangazwa!

Kuna njia moja tu, na naijua.

Jumanne, 17 Juni, mchana

Nimepiga chafya kwa yule muuza dawa. Akasema pole, yamerudi? Nikasema yamerudi na jamaa zake. Nimemeza vya manjano maradufu. Chupa ya chai niliikuta nyuma ya gunia la mkaa, na sasa haina kitu. Vidonge vya chuma nimeviruka leo, visije vikanitibu kabla ya wakati. Kesho nitakuwa mgonjwa mtiifu. Leo naomba niwe mgonjwa tu.

Jumanne, 17 Juni, jioni

Niandike nini.

Miguu ilikuja. Haikuja tu, ilikuja na ukoo mzima! Shuka ilikuwa inapepea kama bendera. Umati ukapiga makofi. Kinyozi alikuwa anapigia mdundo kwa kitana. Mama Wageni amesimama mbele kabisa, mdomo wazi, na Mama Bosi kando yake ameshika funguo za tawi jipya. Niliziona funguo! Zilikuwa na utepe!

Bwana Makochi akapita nyuma ya kitanda, akasema kwa sauti ya adabu kwamba samahani, shuka imekaa vibaya, acha airekebishe. Akaivuta yote.

Hakuna waya. Hakuna mashine. Miguu yangu miwili, suruali imepanda hadi magotini, soksi moja imetoboka, inakimbia kwenda mahali ambapo sijui ni wapi. Na mbaya zaidi, haikuacha! Niliiambia iache. Watu wote waliniona nikiiambia.

Mama Wageni akauliza, polepole, kama hiyo ndiyo teknolojia. Kinyozi alilazimika kukaa chini. Yule mtoto wa barafu alikuwepo pia, akamweleza mamake kwamba si samaki, ni yule yule mjomba.

Mama Bosi hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliwaambia wateja wote kwamba anayetaka kurudisha godoro alirudishe, na aliyedanganywa anamwomba radhi. Akaniita ofisini. Nikaeleza. Nikaeleza yote, nikiwa nimesimama, maana kukaa sikuweza.

Akaniuliza, Baba Pacha, kwa nini hukuniambia? Akasema mamake mzazi alikuwa na miguu hiyo hiyo. Alikuwa akimenya viazi huku akizunguka meza, na watoto nyuma yake wakiokota maganda. Anaijua kabla mimi sijaijua.

Nikamwambia nilitaka tawi, na asiyeweza kulala angelipataje?

Akanitazama kama mtu aliyesikia lugha mpya. Akasema kulala kwenye kioo kulikuwa tangazo. Tangazo tu! Alimweka Bwana Makochi kwa sababu kulala ndiyo kazi anayoiweza, na mimi ili nisiseme nimebaguliwa. Mkuu wa tawi halali. Hata kukaa hakai. Jengo lina ghorofa, kupanda na kushuka tangu kufungua hadi kufunga, na jioni ndiyo wateja wanajaa. Tangu siku ya kwanza alikuwa na mtu mmoja kichwani: yule ambaye kila jioni humwona anazunguka duka zima wakati wenzake wamejibwaga kwenye makochi.

Alisema miguu yangu ndiyo iliyonichagua. Mdomo wangu ndio ulionifukuza. Hawezi kumpa funguo mtu aliyewauzia wateja miguu yake mwenyewe.

Amempa Bwana Makochi, kwa kuwa ndiye aliyebaki. Nikapita nikamsikia anauliza kama jengo lina lifti. Halina. Hiyo ndiyo faraja yangu yote ya leo.

Jumatano, 18 Juni

Mke wangu amesikia. Kinyozi alimsimulia, kwa vitendo. Hakunikaripia. Aliuliza jambo moja: nilimeza vile vya manjano kwa makusudi? Nikasema ni kwa ajili ya familia. Akachukua mito, akaenda kwa pacha. Mlangoni akageuka, akasema Jumapili alilala vizuri mno, na sasa anajua alichokuwa anakikosa, na hilo ndilo baya zaidi.

Neno hilo limenikaa. Nimekaa nalo nikizunguka meza.

Nimeapa. Chuma kwa chungwa. Chai mwisho mchana. Beseni. Kunyoosha. Kusema kweli, hasa kwa Mama Bosi, ambaye kwa huruma yake ameniacha kazini, stoo, na amesema nikienda kliniki nisiombe ruhusa, niage tu. Yameisha. Mimi ni mtu mpya.

Ijumaa, 20 Juni

Siku mbili za utii. Jana miguu ilitulia kiasi. Leo asubuhi mke wangu amerudisha mto mmoja kitandani. Mmoja. Mazungumzo ya amani yanaendelea.

Mchana nilikwenda na lori kushusha mzigo kwenye tawi jipya. Nikafungua kifurushi cha kwanza. Viti vya kubembea! Vya mbao, vizuri, ukisukuma kwa mguu kinaenda mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nikamsikia Mama Bosi akimwambia Bwana Makochi kwamba Jumatatu atataka mtu wa kukaa kwenye kioo cha tawi jipya na kubembea jioni nzima bila kuchoka. Bwana Makochi alikuwa ameketi kwenye ngazi, anahema. Kisha Mama Bosi akataja pia, kwa mbali, kwamba tawi litahitaji mkuu msaidizi.

Hakusema jambo moja linahusu jingine. Hakuhitaji kusema. Mimi si mtoto.

Kubembea jioni nzima bila kuchoka! Nani mwingine mji huu ana miguu ya kazi hiyo? Na safari hii hakuna udanganyifu wowote: miguu itaonekana, wazi kabisa, na soksi nzima. Tatizo ni moja tu. Inaanza kupona.

Vidonge vya chuma nimeviweka juu ya kabati vipumzike hadi Jumanne. Chupa ya chai iko chini ya kiti cha lori. Nimepita duka la dawa jioni hii, na nimeanza kupiga chafya nikiwa bado kona, ili muuza dawa anisikie kabla sijafika.